Vinywa Vingi, Kauli Moja: Lugha ya Kikundi Mbele ya Jopo la Mahojiano, kwa Kuangalia Mtaa wa Rhonda, Nakuru

1. Utangulizi

Mtaa wa Rhonda uko upande wa magharibi wa Nakuru, jirani na Kaptembwa, karibu na ua wa Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Katika orodha ya wadi za uchaguzi jina lake huandikwa Rhoda, lakini wakazi hulitamka Rhonda. Ni mtaa wa nyumba za kupanga zilizosongamana, na wapangaji wake ni watu wa kipato cha chini waliotoka katika jamii nyingi za Kenya: Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii na wengineo. Lugha inayowakutanisha sokoni, bombani na katika vikao vya wapangaji ni Kiswahili.

Katika mtaa wa namna hii kazi nyingi hufanywa kwa vikundi. Wako wanaozoa taka kwa mikokoteni, wanaosafisha vyoo vya umma, wanaoshona sare za shule, wanaopikia mikutano. Kikundi kikitaka kukua hulazimika, mapema au baadaye, kusimama mbele ya watu wasiokijua na kueleza kwa nini kipewe kazi, mkopo au ruzuku. Watu hao ndio jopo, na kikao hicho ndicho kinachochunguzwa katika makala haya.

Mazoea ya vikundi vingi yanafahamika. Kikundi hutafuta mtu mmoja aliyesoma kuliko wengine, akapewa kazi ya kusema kwa Kiingereza kwa niaba ya wote. Wengine huketi kimya, mikono mapajani, mpaka kikao kimalizike. Makala haya yanadai kwamba mazoea hayo ndiyo yanayovishinda vikundi. Jopo la kikundi hupima kama maarifa yamo kikundini, na maarifa hayo hayawezi kuonekana kama waliyo nayo hawakusema. Kwa hiyo suala la kwanza la maandalizi ni ugawaji wa usemi. Ufasaha wa mtu mmoja huja baada yake.

2. Usaili na mahojiano

Kabla ya kuendelea inafaa kutazama istilahi mbili zinazotumika kwa jambo hili. Tanzania hupendelea neno usaili. Kenya husema mahojiano. Watu wengi huyachukua maneno haya kuwa ni visawe, lakini maumbo yake yanasema mambo mawili tofauti.

Usaili umetokana na kitenzi saili, chenye asili ya Kiarabu na maana ya kuuliza. Kitenzi hiki huzaa msaili na msailiwa, yaani mtenda na mtendwa. Mmoja huuliza, mwingine huulizwa, na kiambishi -w- cha kutendwa humweka msailiwa mahali pa kupokea. Mahojiano yametokana na hoji, kitenzi kinachohusiana na hoja, na ndani yake mna kiambishi -an- cha kutendana. Wanaohojiana huulizana na kupeana hoja kwa zamu.

Tofauti hii ina taathira katika mwenendo wa watu. Kikundi kinachoingia chumbani kwa dhana ya kusailiwa hujibu kama mshtakiwa: majibu mafupi, macho chini, wala hakithubutu kuuliza kitu. Kikundi kinachoingia kwa dhana ya kuhojiana huuliza pia. Huuliza malipo yatatolewa kila baada ya muda gani, ni nani atakayesafirisha taka kutoka mahali pa kukusanyia, na mkataba utavunjwa kwa masharti gani. Maswali kama hayo hulionyesha jopo kwamba kikundi kimeifikiria kazi hadi mwisho wake. Mtu asiyeuliza kuhusu malipo huenda bado hajapiga hesabu ya gharama.

3. Sheria na jopo

Ni vyema kujua jopo limepewa mamlaka gani, kwa kuwa vikundi vingine huenda kuomba huruma mahali panapopimwa sifa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 227, inaagiza kwamba ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa ushindani na wenye kuokoa gharama. Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo limezipa serikali za kaunti jukumu la kuondoa taka na kusimamia majaa yake. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 ikatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi kinachotaka kunufaika na fungu hilo hutakiwa kuwa na angalau asilimia 70 ya wanachama kutoka makundi hayo, na uongozi wake wote utoke humo.

Sharti hili la uongozi lina uzito katika mada hii. Kikundi cha vijana kinapomleta mzee mwenye Kiingereza kizuri akisemee, au kikundi cha wanawake kinapomwachia mwanamume mmoja majibu yote, jopo hushuku kwamba viongozi walioandikwa ni wa karatasini tu. Kinywa kilichoazimwa huharibu ushahidi ambao kikundi kilikuja kuutoa.

Ni lazima pia kutenganisha aina za vikao. Katika zabuni ya kawaida karatasi ndizo zinazopimwa, na bei iliyoandikwa haibadilishwi kwa maneno ya mdomo. Hata hivyo, kamati inaweza kuwatembelea waombaji kuthibitisha waliyoyaandika, na hapo wanachama huulizwa papo hapo, penye mikokoteni na magunia yao. Katika maombi ya kazi za ushauri, ya ruzuku za mashirika, na ya mikopo ya vikundi kama ile ya Hazina ya Wanawake iliyoanzishwa mwaka 2007, uwezekano wa kuitwa na kuulizwa ana kwa ana ni mkubwa zaidi. Mwombaji asiyejua yuko katika kikao cha aina gani anaweza kuanza kupunguza bei mahali ambapo kufanya hivyo hakuruhusiwi, akajiondoa mwenyewe.

Utaratibu wa kuwahoji watu kwa kikundi haukuanzia Kenya. Marekani, Sheria ya Brooks ya mwaka 1972 iliziagiza idara za serikali kuu kufanya mazungumzo na makampuni yasiyopungua matatu kabla ya kuteua wasanifu wa majengo na wahandisi, na kuyapanga kwa ustadi wao kabla ya kujadili bei. Msingi wake ni kwamba jengo haliwezi kupimwa kabla halijajengwa. Kinachoweza kupimwa ni watu watakaolijenga, na namna wanavyofikiri pamoja. Mzoa taka wa Rhonda yuko katika hali hiyohiyo, kwani huduma anayoiuza bado haijafanyika.

4. Mapokeo ya kusema kwa kikundi

Yako mawazo kwamba ujuzi huu ni wa kigeni, na kwamba mtu wa Rhonda hana budi kuuazima vitabuni. Mawazo hayo hayana msingi. Karibu kila jamii iliyo na watu wake Rhonda ina kikao cha kale ambamo kikundi kimoja hujieleza mbele ya kingine ili kipewe kitu cha thamani kubwa. Kikao hicho ni cha posa.

Ujumbe wa posa hauendi ukweni bila kugawana maneno. Yuko anayefungua kwa salamu na kutaja ukoo. Yuko anayejua hesabu ya mali, naye hasemi mpaka mali itajwe. Yuko mzee ambaye kazi yake ni kutuliza kikao kikichafuka. Kijana mwenyewe, ambaye habari yote ni yake, husubiri aulizwe. Pwani, mshenga hutangulia kuandaa njia, lakini hata yeye hafungi jambo ambalo wenye nalo hawajalikubali. Ujumbe hukaa nyumbani kwanza ukakubaliana mpaka wake uko wapi, nani atasema na nani asiseme. Ukifika ukweni na wawili wakatofautiana mbele ya wenyeji, huwa umejiaibisha.

Methali za Kiswahili zinaonyesha mvutano uliomo katika jambo hili. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wakati huohuo manahodha wengi chombo huenda mrama. Methali ya kwanza inamkataza msemaji mmoja kujitwalia kikao chote. Ya pili inakataza kila mtu kusema kila kitu. Zikiwekwa pamoja zinatoa kanuni moja: vinywa viwe vingi, kauli iwe moja, na kila kinywa kijue zamu yake.

Lipo jambo moja katika mapokeo ambalo halifai kuhamishwa kama lilivyo. Katika nyumba nyingi kijana hanyanyui sauti mbele ya mkubwa, na mwanamke huachia wanaume neno la kwanza. Adabu hiyo ikibebwa hadi mbele ya jopo, msichana anayejua kazi ya kuchambua taka hunyamaza kwa kumstahi mwenyekiti aliyemzidi umri, na jopo huondoka bila kumsikia. Dawa yake ni mwenyekiti kumpa ruhusa waziwazi mbele ya wote. Mwenyekiti akisema, "Swali hilo litajibiwa na dada yetu, maana yeye ndiye msimamizi wa uchambuzi," adabu imehifadhiwa na maarifa yamepata mlango.

5. Ugawaji wa usemi

Chukuliwe mfano wa kubuni wa kikundi cha wazoa taka chenye wawakilishi watano: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, msimamizi wa njia za mikokoteni na msimamizi wa uchambuzi. Kikundi kinahudumia nyumba 300, kila nyumba mara 2 kwa wiki. Kina mikokoteni 3, na mkokoteni mmoja hupitia nyumba 40 kwa siku, siku 5 kwa wiki.

Jopo linauliza, "Mkipewa nyumba 500, mtaweza?"

Katika mtindo wa msemaji mmoja, mwenyekiti hujibu, "Ndiyo, Bi. Mwenyekiti, tutaweza bila shida yoyote. Vijana wetu wana bidii sana." Jibu hili lina adabu na lina moyo, lakini halina habari. Linamwacha mwulizaji mahali alipokuwa.

Katika mtindo wa ugawaji, mwenyekiti husema, "Anayepanga njia ni huyu mwenzetu. Namwomba ajibu." Msimamizi wa njia naye husema, "Nyumba 500 mara mbili kwa wiki ni ziara 1,000. Mkokoteni mmoja unafanya ziara 200 kwa wiki. Kwa hiyo tunahitaji mikokoteni 5, na sasa tunayo 3. Bila miwili ya kuongeza hatutaweza." Kisha mweka hazina huongeza sentensi moja tu juu ya bei ya mikokoteni hiyo miwili na mahali fedha zitakapotoka.

Jibu la pili limekiri upungufu, na hata hivyo lina nguvu zaidi. Limeonyesha kwamba yupo mtu anayeijua kazi kwa tarakimu, kwamba viongozi wanamwamini, na kwamba fedha na kazi zinasemezana. Mambo hayo matatu mwenyekiti hawezi kuyaonyesha peke yake, hata angekuwa na ulimi wa namna gani.

Kutokana na mfano huu zinapatikana kanuni nne. Kwanza, swali liende kwa mwenye kazi yake, na mwenyekiti awe mlango wa kupitishia zamu. Pili, anayepewa zamu ajibu lililoulizwa kabla ya kueleza lolote jingine. Tatu, mwingine akiongeza, aongeze jambo jipya. Kurudia maneno ya mwenzake kwa sauti nyingine ni kumdhoofisha. Nne, kosa likitokea lisahihishwe na aliyelitenda au na mwenyekiti, kwa maneno mepesi: "Naomba kurekebisha tarakimu hiyo, ni 300, si 350." Kubishana kwa kunong'ona mbele ya jopo hudhuru kuliko tarakimu yenyewe iliyokosewa.

Wasiosema nao wana kazi. Macho yao yakimfuata mwenzao anayesema, jopo huona kwamba maneno yake ni ya wote. Wakitazama simu zao au dirishani, huona kwamba ni ya kwake peke yake.

6. Sarufi ya uwajibikaji

Lugha ya Kiswahili humtaja mtenda ndani ya kitenzi chenyewe. Kwa sababu hiyo kila sentensi inayotamkwa mbele ya jopo hubeba habari kuhusu nani anawajibika, hata kama msemaji hakukusudia.

Kiambishi ni- kikizidi, mwenyekiti anayesema "nilianzisha, nilinunua, niliajiri" amekigeuza kikundi kuwa duka lake. Kiambishi tu- kikizidi, jukumu linayeyuka: "tuliweka hesabu" hakusemi nani aliyeshika daftari. Njia inayofaa ni kutumia tu- kwa maamuzi na madeni, na kumtaja mtu kwa kazi: "Tuliamua kufungua akaunti ya benki, mweka hazina na katibu ndio wanaotia sahihi." Sentensi kama hiyo inaonyesha umoja na pia mgawanyo wa kazi.

Hatari kubwa zaidi iko katika vitenzi vinavyomficha mtenda. Jopo likiuliza kuhusu mwaka ambao hesabu hazikukamilika, jibu "daftari lilipotea" humfanya daftari kuwa mtenda wa kosa lake mwenyewe. "Daftari lilipotezwa" linakiri kwamba yupo aliyepoteza, likamficha. "Tulipoteza daftari, na tangu hapo tunaweka nakala mbili" linakiri, linabeba jukumu na kutoa dawa. Wanajopo huenda wasijue istilahi za kauli za vitenzi, lakini masikio yao huona tofauti.

Hali za kitenzi nazo zina maana. "Tutajaribu" husikika Nakuru kama kukataa kwa heshima. "Tungekuwa na mikokoteni mitano tungefikia nyumba 500" huweka jambo katika nchi ya matamanio, kwa kuwa -nge- hudokeza kwamba sharti halipo. "Tukipata mikokoteni miwili zaidi, tutafikia nyumba 500 katika wiki ya tatu" hutumia -ki- na -ta-, ikafanya sharti liwe hatua inayoweza kutekelezwa. Wazo ni lilelile, lakini sentensi ya kwanza inalalamika na ya pili inapanga.

Kuhusu jambo ambalo kikundi hakijui, sentensi iliyo salama ni ile fupi: "Hilo hatujalipima." Ikifuatwa na siku ambayo litapimwa, hugeuka kuwa ahadi. Kubahatisha tarakimu ni kujitega, kwa kuwa jopo huandika, na mkataba hutungwa kutokana na yaliyoandikwa.

7. Uteuzi wa lugha

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya kinasema kwamba lugha ya taifa ni Kiswahili, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo mkazi wa Rhonda anayejieleza kwa Kiswahili mbele ya ofisi ya umma haombi upendeleo. Anatumia mojawapo ya lugha rasmi za nchi yake. Pamoja na hayo, nyaraka za zabuni huandikwa kwa Kiingereza, na wanajopo wengi wamezoea kuuliza kwa lugha hiyo. Pengo hili kati ya Katiba na mazoea ndilo linalozaa msemaji wa kuazimwa.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Msimamizi wa njia aliyetajwa katika mfano huufahamu mzunguko wake kwa Kiswahili. Anajua ni kichochoro gani hakipitiki mvua ikinyesha na ni ploti gani ina wapangaji wanaochelewesha malipo. Akilazimishwa kuyasema hayo kwa Kiingereza anachokijua nusu, atasema nusu ya anayoyajua, na jopo litampima kwa nusu hiyo. Pengine atanyamaza kabisa, na mkataba wa kuzoa taka za Rhonda utakwenda kwa mtu asiyewahi kukanyaga Rhonda.

Zipo njia za kuliziba pengo hili bila ugomvi. Ya kwanza ni kuuliza mapema, kwa barua au kwa simu, kikao kitaendeshwa kwa lugha gani, na kuomba ruhusa ya kutumia Kiswahili. Ya pili ni mwenyekiti kutamka mwanzoni, "Bi. Mwenyekiti, kwa idhini yako, wenzetu wanaosimamia kazi watajibu kwa Kiswahili." Ya tatu, pale ambapo Kiingereza hakiepukiki, ni katibu kuwa mfasiri wa wenzake, akifasiri walichosema bila kukigeuza kuwa hotuba yake. Mfasiri husema baada ya mwenye kazi kusema, na hivyo jopo huwa limemsikia mwenyewe.

Sheng nayo inahitaji neno. Ni lugha ya vijana iliyoshika mizizi katika mitaa ya mashariki ya Nairobi kisha ikasambaa mijini, Nakuru ikiwemo. Ina uhai na ucheshi, nayo ni chombo kizuri cha kuwaita vijana kazini. Mbele ya jopo, hata hivyo, huleta dosari mbili: baadhi ya wanajopo hawaifahamu, na maneno yake hubadilika upesi mno kuweza kuandikwa katika mkataba. Kiswahili cha kawaida cha sokoni, chenye sentensi kamili, kinatosha. Hakuna haja ya kukipamba kwa maneno mazito ambayo msemaji mwenyewe hayatumii nyumbani.

Kuhusu namna ya kuwaita wanajopo, majina ya cheo ndiyo salama: Bwana Mwenyekiti, Bi. Mwenyekiti, mwanajopo. "Mheshimiwa" aitwe mwenye cheo hicho. Kuwarundikia watu wote uheshimiwa husikika kama kubembeleza. Maneno ya nyumbani kama "mzee" na "mama" yana heshima yake, lakini yanaweza kumgeuza mwanajopo kuwa mzazi, na anayeomba kazi kuwa mtoto anayeomba chakula.

8. Mifano miwili ya nje

Mifano miwili mikubwa inaonyesha kwamba kanuni hizi hazihusu wazoa taka pekee. Tarehe 6 Julai 2005, huko Singapore, London ilishindana na Paris na miji mingine kuandaa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012, ikashinda kwa kura 54 dhidi ya 50 za Paris. Katika ujumbe wa London, ulioongozwa na mwanariadha wa zamani Sebastian Coe, walikuwamo vijana 30 kutoka mashariki ya London, sehemu ambako viwanja vingejengwa. Wapiga kura waliwaona kwa macho yao watu ambao michezo ingefanyika kwao. Kura zenyewe zilikuwa na sababu nyingi, lakini muundo wa ujumbe ule unafundisha: waliohusika na jambo waliletwa mahali jambo lilipoamuliwa.

Mfano wa pili ni wa Afrika Mashariki. Tarehe 27 Septemba 2023 ilitangazwa kwamba Kenya, Uganda na Tanzania zimeteuliwa kuandaa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Ombi lao la pamoja lilipewa jina la Kiswahili, Pamoja. Nchi tatu zilikuja na jina moja, ilhali kila moja ilikuwa na viwanja vyake vya kuvitolea maelezo. Ndio muundo uleule wa kauli moja na vinywa vingi.

9. Maandalizi

Kikundi kisicho na fedha za mkufunzi kinaweza kujiandaa kwa jioni tatu.

Jioni ya kwanza wanachama waandike maswali 20 ambayo wao wenyewe wangemwuliza mtu anayetaka kuzoa taka zao. Karibu yote yatatokea. Kando ya kila swali liandikwe jina la mtu mmoja atakayelijibu. Swali lisilo na jina litafunua upungufu wa kikundi, na huo urekebishwe katika kazi kabla ya kurekebishwa katika maneno.

Jioni ya pili majirani watatu wasio wanachama wakae kama jopo na kuuliza kwa kukatiza na kwa kutilia shaka. Saa iwekwe mezani. Ikiwa kikundi kimepewa dakika 10 za kujieleza, maelezo yamalizike kwa 8, na kila msemaji ajue sentensi yake ya kwanza na ya mwisho. Yaliyo katikati yasikaririwe. Mtu aliyekariri hupotea akiulizwa swali moja tu la pembeni.

Jioni ya tatu wajizoeze kupokezana zamu, kurekebishana na kunyamaza. Kimya cha muda mfupi kabla ya kujibu si udhaifu. Humwonyesha mwulizaji kwamba swali lake limesikiwa. Vielelezo viwe vichache na vya kushikika: daftari la ziara za nyumba, ramani ya njia iliyochorwa kwa mkono, glovu na viatu vya mpira vinavyotumika. Daftari lenye madoa lililojazwa kila siku lina ushahidi mkubwa kuliko picha nzuri zilizopangwa jana.

10. Hitimisho

Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kinachoingia humo, ikiwa ni pamoja na kiletwacho na mvua kutoka vichochoro vya mjini, hubaki humo, katika ziwa ambalo tangu mwaka 2011 limo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia pamoja na Bogoria na Elementaita. Kwa hiyo swali la nani apewe kazi ya kuzoa taka za Rhonda lina uzito kwa mtaa, kwa jiji na kwa ziwa. Likiamuliwa kwa kumsikiliza mwenye Kiingereza kizuri badala ya mwenye kujua njia, hasara itaonekana mvua za masika zitakapoanza.

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kushinda mbele ya jopo ni suala la kupanga maarifa yaliyomo kikundini ili yasikike, na kwamba Kiswahili kina vifaa vya kutosha kwa kazi hiyo, kuanzia viambishi vyake hadi mapokeo ya vikao vyake. Mambo mawili yanazikabili taasisi. Idara za Kiswahili, zikiwemo za vyuo vilivyo karibu na Nakuru, zinafaa kufundisha usemi wa kikundi pamoja na insha na hotuba, kwa kuwa wahitimu wao wengi watafanya kazi na vikundi. Nazo ofisi za umma zinafaa kutoa muhtasari wa kila zabuni kwa Kiswahili na kutamka katika barua ya mwito kwamba majibu yatapokelewa kwa lugha yoyote kati ya lugha rasmi mbili. Hatua hiyo ya pili haihitaji sheria mpya. Kifungu cha 7 kimekwisha kutoa ruhusa tangu mwaka 2010. Kilichobaki ni barua kuandikwa hivyo.